Barua kwa mwanangu Ngosa: usipande bwato usiku

Ngosa mwanangu,

Saa hii nafikiri kamyo yenu ya kwenda Kasenga imeshapita Kasomeno, ama mumekwama mu matope mahali fulani na dereva anasema bado kidogo tu. Naandika na simu ya mdogo wako Kabwe, sababu yangu kioo kimepasuka tena, nikikosea usicheke, hii simu inageuza maneno yangu kuwa Kifaransa bila kuniuliza. Asubuhi pale parkingi sikusema kitu. Baba yako alikuwa anasema sana, anahesabu mizigo kama vile ni yeye alinunua, na wewe ulikuwa unacheka na wenzako, nikaona niache. Sasa umeenda njo naanza kusema.

Neno langu ni moja. Usipande bwato kuvuka mto wa Luapula usiku. Hata wakikuambia ng'ambo ni hapa tu, hata wakisema dakika kumi, hata kama ni chefu wako wa santre ya afya anasema. Kweli ni hapa tu, jogoo wa Zambia akiwika utamsikia ukiwa kitandani, na jioni utaona moto wa jikoni zao kama vile ni jirani wa lupango moja. Ile karibu njo inadanganya watu.

Jana yule mama jirani anauza makala ya kupikia alinisikilizisha odio. Bwato lilitoka ng'ambo na mifuko ya unga, usiku, limejaa mpaka maji yanalamba ukingo, walikuwa saba ama tisa, kila mtu ana hesabu yake, wawili hawajaonekana. Sijui kama ni kweli, odio za WhatsApp unazijua, ingine ni ya mwaka juzi inazunguka tena. Lakini sikulala, na saa tisa ya usiku nikaamka kufungua valizi yako, utaona kwa nini.

Wewe Kasenga unaijua kwa jina la barabara tu. Lubumbashi yote inasema barabara ya Kasenga, barabara ya Kasenga, na wengi hawajafika mwisho wake, kilometa 200 na zaidi, pale lami inasahauliwa na mto njo unakupokea. Mimi niliifanya miaka mingi na biashara ya samaki, unajua, ulikula ile samaki na ulisoma kwa pesa ya ile samaki. Basi nikuambie mji wenyewe vile uko, juu baba yako atakuambia ni kijiji na hajalala huko hata siku moja.

Mji unashuka kwenda majini, kila njia mwishowe inakufikisha ku mto. Mbele ya kuona maji utasikia harufu, moshi wa samaki na samaki wenyewe, siku ya tatu hausikii tena. Asubuhi mapema pale bandarini ni wamama, sahani kichwani, wanasukumana, na vijana wa kinga, zile baiskeli, wanafunga vitunga vya samaki nyuma mpaka kinga haionekani, unaona tu miguu inakanyaga. Chisense, wale samaki wadogo, wanaianika chini ku mchanga, inang'aa kama sindano. Ukinunua pitisha mkono chini kabisa ya rundo, juu wanaweka ile kavu, chini kuna ya jana yenye maji na mchanga, na mchanga wanaupima pamoja. Usinunue samaki wa kwanza wanakuonyesha. Falanga yetu na kwacha ya Zambia zinalala mu kopo moja, uliza bei kwa zote mbili kisha ulipe ile yenye inakufaa.

Na Kiswahili chako cha mjini watakicheka. Wao wanaongea Kibemba, kile cha bibi yako, kile ulikataa kujifunza, ulisema ni cha watu wa kijiji. Sasa mgonjwa atakuambia mahali panapomuuma na wewe utamuangalia tu. Nilikuambia. Haya, nimeacha.

Kwa nini mji uko pale na hauko juu zaidi, babu yako alinieleza. Luapula inatoka Bangweulu kule Zambia, inazunguka, halafu kuna maporomoko ya Mambilima, masuwa, zile mashua, haipiti pale. Kuanzia Kasenga maji yanalala, unaenda nayo mpaka ziwa Moero bila shida. Njo Wagiriki waliona hiyo wakati wa Wabelgiji, wakaleta masuwa zao, wakaleta barafu na makamyo, samaki ya Kasenga ikawa inalisha wafanyakazi wa mugodi wa Elisabethville, ile Lubumbashi ya leo. Babu alifanya kazi kwa Mugiriki mmoja, anavuta nyavu. Alikuwa anatuambia habari ya samaki anaitwa mpumbu. Mvua ya kwanza ikinyesha mpumbu alikuwa anapanda mto kwenda kutaga, wengi mpaka ungesema maji yanachemka, na watu walikuwa wanangoja palepale na nyavu, wanamchukua na mayai tumboni, kila mwaka, kila mwaka. Mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu akaisha. Babu alisema mwaka mmoja walingoja na hakuja, Mugiriki akatukana wavuvi kama vile wao wamemficha.

Leo Lubumbashi tunakula samaki tomsoni ya barafu inatoka baharini, Namibia, wakati tuko na mto. Sisemi kitu, na mimi nilinunua samaki ya Desemba. Wote tulinunua.

Hiyo Desemba njo inaniogopesha zaidi, sikiliza vizuri. Ng'ambo Zambia wanafunga uvuvi kuanzia 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki azae. Wanachukua nyavu, wanakamata watu. Upande wetu unajua vile tuko. Basi samaki inakuwa na bei, na vitu vyote vinaanza kutembea usiku, samaki inaenda, unga unakuja, mafuta, sabuni, watu. Na mvua ndani yake, mto umevimba, magogo yanashuka na huyaoni. Wewe unafika kule mwezi wa kumi na moja, wakati mubaya kabisa, na wamekuambia utaenda na timu ya chanjo mu vijiji vya ndani ya matete. Najua huwezi kukataa, ni kazi. Mchana nenda. Jua likianza kuanguka, lala huko huko, lala hata ku benchi ya kanisa, mbu wakuume, utatibiwa, dawa unayo wewe mwenyewe.

Mambo ya mjomba wako Chola unayajua, siyarudii.

Hata mwezi wa saba wakikuita muende ku Mutomboko kwa Mwata Kazembe, ule mfalme wa ng'ambo, wasichana wote wa Kasenga wanaendaga, ni sherehe nzuri, ngoma zake unazisikia mu tumbo, nenda. Lakini na karatasi, kwa njia ya serikali, asubuhi, na urudi asubuhi ingine. Tena usiseme "ni ndugu zetu". Ni ndugu zetu kweli, mto uliwekwa mpaka na watu hawakuulizwa, kuna familia bibi anazikwa huku na wajukuu wanalima kule. Lakini mwenye bunduki hakuulizi ukoo.

Wanasema daraja linakuja, la ile barabara ya kulipia ya Kasomeno mpaka Mwenda kule Zambia. Lile la Levy Mwanawasa walilifungua 2008 lakini liko kule Chembe, mbali, wewe halikusaidii. Mimi daraja la Kasenga nitaliamini siku nitaona mbuzi analala juu yake.

Habari ya maji ya kunywa siwezi kukufundisha, wewe njo mwenye kusoma. Kipindupindu kule kinarudi kila mara kama mgeni mwenye deni, watu wanakunywa mto uleule wanaoogea. Chemsha. Najua unajua. Chemsha hata ya kusukutua meno, usifanye vile ulifanya Likasi kwa shangazi yako, muganga mzima tunakubeba ku mgongo. Na vyandarua mutakavyogawa usikasirike sana, utampa mama chandarua asubuhi akushukuru na magoti, jioni utakikuta mu maji kinavua chisense. Tundu zake ndogo, hata mtoto wa samaki hapiti. Mimi nilikuwa nakasirika, kisha nikaona vile nakasirika huku napima ile chisense na kulipa.

Na mamba wapo, na kiboko. Kiboko mubaya kuliko mamba, watu wa mjini hawaamini juu ananona kama mchungaji. Watu wetu wote wanasema Chola ilikuwa kiboko. Inawezekana.

Wacha nikueleze habari ya barafu kwanza, labda utakuwa na marafiki wachuuzi, ni vizuri ujue. Barafu ni kila kitu kule. Samaki mbichi ukiwa na barafu wewe ni patro, ni bosi, barafu ikiisha wewe ni mtu anakimbiza bei ikishuka, hata wale walikuheshimu asubuhi wanakusogelea sasa polepole, wanaangalia chini ya sanduku lako kama maji yanatiririka. Mtu akisikia ile maji ikidondoka anakuwa mtu mwingine, nakuambia. Tuseme una masanduku mawili yamebaki ng'ambo, kamyo inaondoka saa kumi na moja ya asubuhi, ni saa tatu ya usiku. Unaweza kumwambia kijana wako, nenda ulete saa hii. Anaweza kukuambia upepo huu si muzuri, tungoje. Unaweza kumwambia wewe unaogopa kama mwanamke. Baba yako siku zote anasema ni tajiri wa kamyo alimutuma Chola. Tajiri wa kamyo alikuwa Lubumbashi ile siku, harusini. Mimi sikumurekebisha, miaka imepita, na wewe usimupigie simu kumuuliza, presha yake unaijua.

Frigo yetu kwa upande wake inapumzika, kuran ya umeme haijarudi tangu Jumapili. Ile nyama ulileta nimeipika yote, nimegawa kwa majirani, wamesema asante Ngosa, nikaona vizuri, mtaa mzima wa Katuba unajua sasa niko na mtoto muganga. Mama wa makala ameanza hata kuniita mama dokta. Sikumukatalia. Nilitembea mpaka foreni ya maji na ndoo mbili kama vile sisikii uzito. Hiyo nilitaka kukuambia parkingi lakini ulikuwa unacheka.

Minervali ya shule ya Kabwe nimelipa nusu, direkta amesema anangoja mpaka mwisho wa mwezi. Usitume mshahara wa kwanza wote, tuma kidogo, nunua godoro nzuri, magodoro ya bei ndogo yanachoka mbele ya mtu. Mshahara wenyewe ukikawia usinyamaze kwa kiburi, niambie, nitatuma unga na kamyo, pale Zambia wakizuia mahindi yao hata kule karibu na maji unga unapanda, sikwambii huku kwetu. Mabati ya upande wa jiko yanavuja, Kabwe ameweka sashe na mawe, tunasikia kama mtu anapiga makofi usiku mzima. Shangazi wa Likasi anauliza kama kuna mwanaume kule. Nikasema kuna samaki.

Kama kuna mwanaume, na ni mvuvi, sikatai mvuvi, babu yako alikuwa mvuvi. Muangalie tu kama anaangalia mawingu mbele ya kuingia mu bwato. Akisema yeye haogopi maji muache palepale.

Bibi mmoja pale karibu na bandari, anauza fritta na chai, mnene, ana jicho moja linatoa machozi, kama yuko bado mwambie wewe ni wa Mama Ngosa wa Katuba. Nilimuachia deni. Si kubwa. Mulipe, atakataa, umuwekee chini ya sahani. Yeye alikaa na mimi ku mchanga ile usiku mpaka kukapambazuka, na hakuniuliza kitu.

Sasa ile ya valizi. Chini, chini ya kikwembe cha bluu, kuna jile ya rangi ya chungwa, ya watu wa masuwa, ile inaelea. Niliinunua soko Mzee, yule mtoto alitaka bei ya wazimu, nikashusha mpaka akachoka. Nilikuwa nimeificha ku dari tangu uliposema Kasenga. Kamba ya kushoto ilikuwa imekatika nimeishona na uzi wa nyavu, nimevuta na nguvu zangu zote, Kabwe amevuta, haikatiki. Ivae, hata wengine wote hawana, hata wakikucheka. Uivae mchana, juu usiku hupandi. Funga kamba zote tatu. Usiiweke kichwani kama mto wa kulalia, inapondeka, na usimuazime mtu, hata chefu.

Ukifika piga. Pale karibu na maji simu itashika mtandao wa Zambia na kukula yunite zako zote kwa neno moja, rudi juu kidogo mpaka upate wa kwetu.

Na ufunguo wa kadena ya jiko umeenda nao, utakuwa mu mfuko wa jaketi yako ya jinzi. Mpe dereva aulete, tumekula mkate tangu asubuhi.

Mama