Barua ya malalamiko: prosesa yangu iliyong'olewa kauntani kwenu

Kigamboni,
Dar es Salaam.

Kwa Meneja,
Duka la Vifaa vya Kompyuta,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUHARIBIWA PROSESA, KUNYIMWA WARANTI NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATEJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini wewe na wafanyakazi wenzako hamjambo. Mimi sina raha, na sababu iko dukani kwako.

Masharti ya waranti yenu unayajua, mmeyabandika wenyewe ukutani nyuma ya kaunta, kwa hiyo sitayarudia. Nitasema lililotokea. Nilileta kwenu kompyuta inayowaka. Nimeondoka nayo haiwaki, kwani prosesa, ule ubongo wake, imeharibiwa. Muda wote huo ilikuwa kwenye meza ya fundi wenu na mimi sikuigusa.

Niliileta kwa sababu nafasi moja ya RAM, vile vijiti vya kumbukumbu, kwenye mazabodi (bodi kuu) mliyoniuzia imekufa. Sikubahatisha. Zile RAM mbili nilizijaribu moja moja, nikazibadilishana nafasi. Kila moja ilifanya kazi vizuri kwenye nafasi ya A2, na kila moja ilikataa kwenye ya B2. Nilimweleza hivyo kijana wenu wa mauzo, naye kwa haki yake alinisikiliza. Akachomeka waya wa umeme, kompyuta ikawaka, akaingia kwenye Bayosi, ile menyu ya bodi yenyewe, akasoma mwenyewe kwa sauti: GB 8. Nilinunua 16. Akasema, "Hii ni bodi, mzee, tutakubadilishia." Kama mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa nawasifu kwa majirani.

Kisha akaitwa fundi aifungue.

Fundi alikuta mashine bado ina joto. Huo ndio wakati wa kutoa hitisinki, kile chuma cha kupoza prosesa, kwa maana ile pesti ya kijivu inayopakwa kiwandani kati yao hulainika ikipata moto, na ikipoa hushika. Alifungua skrubu nne, akaiacha hivyo hivyo, akaenda kula. Aliporudi imepoa kabisa. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, izungushe kwanza taratibu, kushoto na kulia, usiivute juu." Hakujibu. Akaishika kwa mikono miwili akaivuta kama anayeng'oa muhogo. Hitisinki ikatoka na prosesa imeganda chini yake, huku kijiti cha kufungia soketi, pale prosesa inapokaa kwenye bodi, bado kimelala mahali pake. Nguvu aliyotumia ikampeleka pembeni, prosesa ikagonga ukingo wa kasha, pini za kona moja zikalala. Akaiinua juu wateja waone, akasema, "Mnaona? Hivi ndivyo wazee wanavyoharibu vitu nyumbani. Mzee, hii si redio ya mbao." Watu wakacheka.

Kwenye fomu yenu akaandika: uharibifu wa mteja, pini zimepinda, waranti haihusiki. Nakala ninayo, ina muhuri wenu.

Naomba uongozi ufikirie jambo dogo tu. Prosesa yangu, Ryzen 5 5600, ni ya soketi ya AM4. Pini zake 1,331 ziko chini ya prosesa yenyewe, si kwenye bodi kama zilivyo za AM5 zilizokuja mwaka 2022. Mkono hovyo ukipita hapo, kitu kinachokufa ni prosesa. Pini za kona nzima zikilala, prosesa haiingii hata kwenye soketi. Sasa ile GB 8 aliyoisoma kijana wenu kwa sauti ilisomwa na prosesa gani? Ilikuwa imekaa sawasawa kwenye soketi yake ikifanya kazi. Ilipotoka mikononi mwa fundi wenu ndipo ilipokuwa imepinda. Hili halihitaji mtaalamu.

Najua mtasema, kama alivyosema fundi baadaye, kwamba pini ikipinda kidogo inaweza kuua upande mmoja wa RAM, kwa hiyo huenda zilikuwa zimepinda tangu mwanzo. Ni kweli jambo hilo hutokea. Ndiyo maana siku ya kuiunganisha nilizipitia pini zote kwa lenzi ya kukuzia, safu kwa safu, nikapiga picha pande zote nne kabla ya kuishusha kwenye soketi. Picha zimo kwenye simu yangu na tarehe yake. Nilizionyesha pale kauntani. Fundi hakuziangalia. Alisema, "Picha si kitu."

Ndugu Meneja, mimi vifaa hivi navipenda, na kitu ninachokipenda nakishika kwa adabu. Kabla ya kugusa bodi nagusa kwanza chuma cha kasha ili umeme tuli uniishe mwilini. Kila kifaa kinakaa kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu sivitupi, kwa sababu huku Kigamboni hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Mimi ni fundi redio mstaafu. Ile redio ya mbao aliyoitaja kwa dharau ilikuwa na vali zinazotaka volti zaidi ya 200, na kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Aliyeivamia kwa pupa ilimfunza kazi siku ile ile. Kuunganisha kompyuta nilijifunza baada ya kustaafu, na nimewaunganishia wajukuu na majirani, zote zinawaka hadi leo. Sikuja kwenu kuombea kazi yangu msamaha.

Na mfuko. Hili nusura nilisahau kwa hasira. Baada ya kuandika fomu, fundi aliibandua prosesa kwenye hitisinki kwa kuichokonoa na bisibisi, kisha akaitia kwenye mfuko laini wa plastiki, pini nje nje, akanisukumia juu ya kaunta. Mifuko ile imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na sielewi duka la heshima linaitoa wapi. Achilia mbali sheria: plastiki ikisuguana hutoa umeme tuli, adui mkubwa wa vifaa hivi, na mnaviuza kila siku. Nilivuka kivuko nimeikumbatia kompyuta iliyofungwa kwenye khanga, na mfuko ule nimeushika mkononi kwa juu usiguse kitu. Abiria mmoja akaniuliza kama nimebeba dawa ya mgonjwa.

Nirudi kwenye kaunta, maana sijamaliza nayo.

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwa fundi. Nilimwona akishika hitisinki na nilijua kwa namna vidole vilivyokaa kwamba anataka kuivuta. Nikasema, "Zungusha kwanza, mwanangu." Nilisema kwa sauti, kijana wa mauzo alisikia. Fundi huyu tangu niingie hakuwa amenipa shikamoo, nami sikulalamika, siku hizi tumezoea. Lakini hapo alinitazama usoni, akatabasamu, na akavuta huku ananitazama. Hakuwa anaangalia kazi. Nikasikia mlio ule, mtu aliyewahi kuusikia anaujua. Ikagonga ukingo wa kasha. Nilinyoosha mkono ili niipokee, akanipiga kikumbo na kiwiko, akaigeuza pini juu, akaizungusha mbele ya watu: "Mnaona? Hivi ndivyo wazee wanavyoharibu vitu nyumbani. Mzee, hii si redio ya mbao. Siku nyingine mtume mjukuu."

Walicheka, isipokuwa kijana mmoja aliyekuja kununua wino wa printa, nadhani ni mwanafunzi. Alisema, "Lakini kaka, si umeing'oa wewe sasa hivi?" Fundi wenu akamjibu, "Wewe nunua wino wako uende." Na akaenda. Na mimi, mtu wa umri wangu, nikabaki nimesimama pale mbele ya watu nikiitwa mharibifu wa kitu nilichokichanga kwa pensheni, na aliyekiharibu ndiye anayeshika kalamu ya kuandika fomu.

Tena pini zilizolala si mwisho wa dunia kwa mtu mwenye subira. Kalamu ya risasi ya kubonyeza, ukitoa risasi, ncha yake tupu inaivaa pini moja vizuri, unainua polepole mpaka inyooke na safu yake. Ningeweza kuifanya kazi hiyo nyumbani usiku mzima na nisichoke. Lakini kabla ya ule mfuko, fundi alijaribu kuzinyoosha kwa bisibisi bapa. Bisibisi bapa! Pini mbili zimekatika kwenye shina. Hizo hazinyooshwi na mtu yeyote.

Nilipoomba kuonana nawe nikaambiwa umetoka. Nilipotuma ujumbe kwa namba yenu ya WhatsApp, pamoja na picha, tiki mbili zikawa bluu, nikajibiwa, "Tumepokea, tutalifanyia kazi." Kilichofuata kwenye namba hiyo hiyo ni tangazo lenu la Ryzen 5 5500 kwa bei ya ofa, mkinikaribisha nije ninunue.

Kwa heshima zote, haya ndiyo ninayodai.

Mnipe mazabodi mpya kwa sababu ile ilikuja na nafasi mbovu, na kijana wenu alilikubali hilo. Mnipe prosesa mpya, Ryzen 5 5600, ndani ya boksi lililofungwa, pamoja na feni yake. Msinipe hiyo 5500 ya kwenye tangazo mkasema ni zile zile kwa kuwa zote zina koa sita, yaani viini sita vya kufanyia kazi. 5600 ina kashe, kumbukumbu ya ndani ya prosesa, ya MB 32, 5500 ina 16, na 5500 inaishia PCIe 3.0, njia ya kupitishia data, wakati niliyoilipia inafika 4.0 iliyo ya kasi zaidi. Nitasoma maandishi juu ya kifuniko chake kabla sijaondoka kauntani. Nilikuwa nimekusudia kuwapa siku kumi na nne.

Lakini kila nikiandika nakumbuka kiwiko kile, na naona siku kumi na nne ni nyingi. Nawapa saba. Na vifaa pekee havitoshi tena. Fundi yule aniombe radhi pale pale kwenye kaunta, mchana, duka likiwa na watu, na fomu yenye muhuri ifutwe, iandikwe nyingine inayosema ukweli kwamba prosesa iliharibiwa na duka. Kama hamwezi kufanya hayo, basi sitaki vifaa vyenu vyovyote. Nataka fedha yangu yote, ya prosesa, ya bodi na ya RAM, pamoja na nauli.

Na tukifika kwenye fedha, tuzungumze vizuri. Nililipa kwa Lipa Namba yenu shilingi 1,080,000 na ujumbe wa malipo ninao. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mliyonipa inasoma 400,000. Siku ile nilipouliza nikaambiwa, "Mashine ina shida ya mtandao, mzee, waranti iko pale pale." Nikanyamaza kwa kuwa niliwaamini. Nyinyi ndio mliobadilisha hali. Siku saba zikipita bila jibu la maandishi, risiti hiyo na ujumbe wa malipo nitavipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, mwenyewe, kwa miguu yangu, na watajua wenyewe pa kuanzia.

Malalamiko ya prosesa nitayapeleka Tume ya Ushindani, FCC, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kumlinda mlaji. Nitaambatisha fomu yenu yenye muhuri, picha za kabla, picha za baada, na mabaki ya prosesa ndani ya mfuko ule ule wa plastiki mlionipa, sijaubadilisha makusudi. Kamera yenu iko juu ya kaunta, upande wa kulia, inaangalia meza ya fundi. Naomba picha za siku ile zisifutwe. Nikisikia zimefutwa, hilo nalo nitaliandika, na barua hiyo haitaanza kwa kuwatakia afya.

Nasubiri jibu la maandishi lenye saini yako wewe, si ya kijana wa mauzo, ambaye nasisitiza hana kosa na asiadhibiwe kwa ajili yangu. Simu yangu mnayo, imeandikwa kwenye fomu, chini ya neno "mteja".

Wako katika kudai haki,

Mteja wenu, fundi redio mstaafu,
Kigamboni.

Nakala: Tume ya Ushindani (FCC), Dar es Salaam. Bado iko mezani kwangu ndani ya bahasha. Itaondoka siku ya nane asubuhi.