Kwa mdogo wangu uliyetoka: usikimbilie madhabahu nyingine

Mdogo wangu,

Nimeamua kukuandikia hadharani, bila kutaja jina lako wala lile kundi la kidini ulilotoka, kwa sababu najua wako wengine wanaopitia haya unayopitia na hawana ndugu wa kukaa nao wakazungumza. Wewe utajijua.

Nimesikia kwamba mjomba amekupangia usimame kwenye kanisa lake utoe ushuhuda. Nia yake ni njema. Anataka watu waone jinsi Mungu alivyokutoa. Mimi nakuomba usiende, angalau si sasa.

Umetoka mahali ambapo mtu mmoja alikuwa akikuamulia uvae nini, uzungumze na nani, ufunge kavu siku ngapi, mshahara ukiingia uende wapi. Hujapata hata nafasi ya kulala usingizi ukaushiba, na tayari kuna mtumishi mwingine ana mipango na wewe. Atakuwekea mikono akufungue. Atakupa kipaza sauti na kukuelekeza useme lipi, lipi uliache. Watu watapiga vigelegele, video itasambaa kwenye simu, na baada ya wiki chache utaanza kusikia kwamba mtu aliyetendewa makuu namna hiyo anapaswa kushukuru kwa matendo. Simsemi vibaya mchungaji huyo, hata simjui. Ninachosema ni kwamba maamuzi yako ndiyo kwanza yameanza kurudi mikononi mwako, na hupaswi kumkabidhi mtu mwingine kabla hujayashika mwenyewe.

Aprili 2023, habari za Shakahola zilipoanza kutoka, wewe ulikuwa bado ndani. Huenda mliambiwa ni vita dhidi ya kanisa, au hamkuambiwa lolote. Watu wengi wanakumbuka makaburi: miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa, na watoto wengi mno miongoni mwao. Mimi kilichonikaa zaidi ni habari ya waliotolewa wakiwa hai. Juni mwaka uleule, watu 65 waliokuwa wameokolewa na kuwekwa mahali penye chakula na uangalizi walikataa kula. Hakuna aliyewasimamia na fimbo. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyetuhumiwa kuwaamuru wafuasi wake wafunge mpaka wafe, naye akakana mashtaka, alikuwa rumande wakati huo. Walikuwa wameuacha msitu, lakini ile amri ya kufunga waliondoka nayo. Wakapelekwa mahakama ya Shanzu, wakashtakiwa kwa kujaribu kujiua. Liliniuma sana lile jambo, na bado linaniuma. Watu waliohitaji daktari na muda walipelekwa mbele ya hakimu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kile cha sheria kinakiuka Katiba, lakini wao walikuwa wameshapitishwa humo.

Nakutajia watu hao ili ujue kwamba haya yanayokupata si wazimu, si laana, wala si adhabu ya kuasi. Mama ameniambia unaamka saa tisa usiku bila kuamshwa na mtu, unakaa kitandani unatetemeka mpaka alfajiri. Ameniambia pia kwamba ulitumwa sabuni, ukasimama dukani mbele ya rafu mpaka mwenye duka akakuuliza kama unaumwa, na mwishowe ukamwomba mtoto wa darasa la tano akuchagulie. Watu wazima waliokuwepo walicheka. Mimi sikuona la kuchekesha. Kwa miaka yote ile, ulipochagua mwenyewe jambo dogo uliambiwa una roho ya kiburi, ukatubishwa mbele ya wenzako. Mwili umejifunza kwamba kuchagua kunaleta aibu, na mwili hausahau upesi kama tunavyotaka. Basi anzia hapohapo kwenye sabuni. Chagua wewe. Ukikosea, utaoga na sabuni usiyoipenda mpaka iishe. Kesho chagua mboga, keshokutwa chagua kwenda au kutokwenda mahali, na usimweleze mtu sababu.

Kuna watu watakuuliza, na wengine wamekwisha kukuuliza: "Wewe na elimu yako yote, ulikubalije?" Huwajibiki kuwajibu. Ila ukitaka kujijibu mwenyewe, sikiliza habari hii. Miaka ya 1950 daktari wa akili Mmarekani, Robert Jay Lifton, alikaa Hong Kong akiwahoji watu 40 waliokuwa wametoka China baada ya kupitishwa katika kile ambacho watawala wa huko walikiita kurekebisha fikra: wageni 25 kutoka nchi za Magharibi na Wachina wasomi 15. Miongoni mwa wageni wale walikuwemo madaktari na mapadre. Wapo waliokiri ujasusi ambao hawakuufanya, na baadhi yao walifika mahali wakaanza kuyaamini maungamo yao wenyewe. Mwaka 1961 Lifton alichapisha aliyoyaona, na ukiyasoma utadhani alikuwa amekaa nanyi kwenye mkesha: habari za nje zimezuiwa, usafi unaodaiwa hakuna awezaye kuufikia, maungamo hayana mwisho, dunia imegawanywa kati ya waliochaguliwa na waliopotea. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtu mjinga ili lifanye kazi. Linahitaji mtu aliyechoka, mwenye njaa, aliyetengwa na wanaompenda.

Na si lazima twende mbali hivyo. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, Machi 17, 2000, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada. Mmoja wa viongozi wa kundi lile alikuwa padre Dominic Kataribabo, mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu huko Marekani. Wewe uliingia ukiwa umetoka kumzika baba, huna kazi, na wale walikuwa watu wa kwanza kukuletea unga na kukaa nawe mpaka usiku. Uliitikia wema. Waliokuja kuutumia wema huo kukufunga ndio wenye la kujibu.

Sasa niseme jambo ambalo nadhani hakuna aliyekuambia: utawakumbuka. Utakumbuka sauti za wale kina mama wakiimba bila ala, chai ya tangawizi baada ya mkesha, na namna mlivyokuwa mnaitana "mpendwa" kutoka moyoni. Siku nyingine utalia kwa kuwakosa, halafu utajiuliza kama machozi hayo ni dalili kwamba hukupaswa kutoka. Sivyo. Mtu huondoka kwenye nyumba iliyomtesa akakumbuka kibaraza chake. Uliwapenda kwa dhati, na wengi wao walikupenda vivyo hivyo, nao wamefungwa kama ulivyokuwa umefungwa. Usikubali mtu akulazimishe kuichukia kila siku uliyoishi kule ili aridhike kwamba umepona. Ukitaka kuimba ule wimbo jikoni, imba. Ukiona unakurudisha kwenye hofu, nyamaza, uuimbe mwakani.

Hofu ndiyo itakayokusumbua kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu walikuachia unabii. Walikwambia anayetoka hamalizi mwaka salama. Sasa mtoto akipata homa, gari likiharibika, kibarua kikikosekana, utasikia ile sauti: si tulikuambia? Wakati wa masika watoto wa pwani nzima wanapata malaria, wa waliotoka na wa waliobaki, na homa yake inapimwa zahanati kwa tone la damu. Mpeleke akapimwe. Kila utakapofanya hivyo na akapona, ule unabii utapungua nguvu kidogo. Hautaisha kwa siku moja. Mimi sitakudanganya kwamba nikikuambia "usiogope" basi utaacha kuogopa.

Halafu kuna la dawa, na hili lisingoje. Mama anasema uliacha vidonge vya presha baada ya kuombewa na kutangazwa kwamba umeponywa. Presha haiumi, ndiyo maana ni rahisi kuamini kwamba imeondoka, mpaka siku inapompiga mtu kiharusi. Wiki hii nenda kapimwe. Usianze kumeza vile vidonge vya zamani vilivyobaki kwenye mkoba. Mwache daktari aangalie kipimo cha sasa. Na ukiwa hapohapo mwambie kuhusu usingizi na kutetemeka. Hospitali ya Port Reitz, Mombasa, ina kitengo cha afya ya akili, na kwenda pale si kutangaza kwamba umerukwa na akili. Ukimpata mshauri nasaha, muulize mapema kama yuko tayari kukusikiliza bila kukuhubiria. Akianza kukuombea kabla hujamaliza sentensi, una haki ya kushukuru na kuondoka, hata kama ni mtu anayeheshimika.

Madaktari wanajua kwamba mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu hapewi sahani iliyojaa. Akila ghafla, madini ya mwilini kama fosfeti na potasiamu yanashuka kwa kasi, na moyo unaweza kusimama. Analishwa kidogo kidogo, huku akipimwa. Ndivyo ninavyokuombea wewe katika haya mengine yote. Watu wanakuletea mafundisho mapya, vitabu, mahubiri ya kwenye simu, mashekhe na wachungaji, na wengine wanakuletea hoja za kwamba Mungu hayupo kabisa. Kila mmoja ana haraka na nafsi yako. Pokea kidogo. Vingine viweke pembeni. Ukitaka kwenda kanisani ukakae kiti cha nyuma na kuondoka kabla ya sadaka, nenda. Ukitaka kukaa mwaka mzima bila kwenda popote, kaa. Mimi bado ninasali, unanijua, na sioni kwamba Mungu ninayemsali atakukasirikia kwa kupumzika. Usipokubaliana nami hata katika hilo, mimi ni dada yako vilevile.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi kwa sababu najua inakuumiza. Chukua taarifa ya miamala yako ya M-Pesa ya miaka yote unayoweza kuipata. Yaandike madeni uliyokopa kwa ajili ya kupanda mbegu, yaani zile sadaka mlizoahidiwa zingewarudia kama baraka, yote, hata la yule jirani. Tutakaa tuyapange. Kiwanja usikitarajie kwa haraka. Kama hati ya mauzo ina saini yako, hiyo ni kazi ya wakili, naye tutamtafuta.

Lile daftari la toba ni jambo jingine. Najua linakunyima usingizi kuliko madeni. Uliandika humo mambo yako ya ndani, ya ndoa, ya ujana, na wao ndio wanaolishika. Yule mama mlezi wako wa kule kundini ameanza kukutumia ujumbe wa kukumbushia. Usimjibu, usimbembeleze, na usifute chochote. Kumtishia mtu kwa siri zake ili atoe fedha ni kosa la jinai, na ujumbe wenyewe ndio ushahidi. Piga picha ya kila kimoja unitumie. Na likitokea la kutokea, siri hizo zikamwagwa, mimi nimekwisha kuamua kwamba sitasoma, na mama amesema hivyohivyo kwa kinywa chake. Binadamu gani hana la kuandika kwenye daftari kama hilo?

Limebaki la rafiki yako, yule uliyemwacha ndani. Unataka kumpigia umwambie kila kitu ulichokigundua. Ukifanya hivyo atalazimika kukuripoti, na namba yako itafutwa kwenye simu yake siku hiyohiyo. Usibishane naye maandiko. Amefundishwa jibu la kila andiko utakalomtajia. Mtumie salamu tu. Muulize mtoto ameota meno mangapi, mwambie embe za huku zimeanza kuiva, mkumbushe siku mlipokesha mkicheka mpaka mkafukuzwa bwenini. Mtu anayetafuta mlango usiku huenda kwa yule ambaye hajamtukana. Na siku akikuuliza, hata kwa kuzunguka, kama maisha ya nje yanawezekana, mwambie kwamba nauli yake ninayo mimi, chumba cha nyuma kipo, na akifika hakuna atakayemtaka atoe ushuhuda.

Dada yako