Barua kwa Salma: pia ya goti, kiwiko na pingili

Tanga,
Jumapili, 16 Machi 2025.

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi sote hatujambo, ila joto la mwaka huu limetuonea. Barua yako, pamoja na zile kurasa 12 za kijitabu cha wagonjwa wa mifupa unachokitafsiri, nimeipata tangu wiki iliyopita. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza niende na kurasa hizo kazini, niwasomee watu ninaowafanyisha mazoezi, nione ni wapi wanaitikia kwa kichwa na ni wapi wananitazama kama mtu anayezungumza na ukuta.

Umeniuliza kama Kiswahili kina maneno ya kutosha kuitaja mifupa 206 ya mtu mzima pamoja na viungo na misuli yake, au uyaache majina ya Kilatini kama yalivyo. Jibu langu ni kwamba maneno mengi yapo. Kinachotusumbua zaidi ni yale tunayoyajua sana, kwa kuwa kila mmoja wetu anayajua kwa namna yake.

Chukua hilo neno kiwiko, ambalo umelitumia mara tano katika ukurasa wa tatu. Wewe, mimi na vijana wote wa siku hizi tukisema kiwiko cha mkono tunakusudia pale mkono unapokunjika katikati. Miaka michache iliyopita niliandikiwa mgonjwa, mzee wa kutoka upande wa Pangani, na karatasi yake ilisema ameanguka na kuumia kiwiko cha kushoto. Nilimpokea, nikamkalisha, nikaanza kumkunja na kumkunjua mkono taratibu, huku nikishangaa mbona halalamiki. Baadaye akanishika vidole kwa upole na kuniambia, "Mwanangu, kisugudi changu hakina neno. Kiwiko ni hapa." Akanionyesha kifundo cha mkono, juu kidogo ya kiganja. Yeye alikuwa amesema Kiswahili chake sawasawa kabisa. Aliyeandika alisikia Kiswahili chake yeye mwenyewe, na hata picha ya eksirei ilikuwa imepigwa mahali pasipouma.

Nilipombonyeza katika kile kishimo kinachotokea chini ya dole gumba mtu anapolinyanyua, aliruka. Hapo ndipo unapokaa mfupa mdogo ambao waliopanga majina haya waliufananisha na mashua, na ambao huvunjika mara nyingi mtu anapoanguka akajikinga kwa kiganja. Huo mfupa huchelewa kuunga kwa sababu damu huufikia kwa shida, kwa hiyo siku zilizopotea kwa ajili ya neno moja hazikuwa jambo dogo. (Kishimo chenyewe madaktari wa Ulaya walikiita kijaluba cha ugoro, kwa kuwa watu walikuwa wakimimina ugoro pale na kuuvuta puani. Nilipomweleza mzee alicheka mpaka akasahau maumivu.) Kwa hiyo nakuomba, kila unapoandika kiwiko, ongeza maneno machache ya kuonyesha mahali, au uandike kisugudi na kuweka mchoro pembeni.

Tatizo la mguu na mkono ni la aina hiyohiyo. Kwetu mguu huanzia nyongani na kuishia kwenye kucha. Ukurasa wa saba umeandika, "Funga bandeji kuanzia mguuni hadi gotini," na mama mmoja niliyemsomea aliniuliza kwa haki kabisa kama goti si mguu. Andika unyayo, kisigino, kifundo cha mguu, muundi, paja. Kwa mkono unalo neno kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kisugudi na kifundo. Wengi wamelisahau, lakini ukilieleza mara moja mwanzoni halitawashinda.

Mshipa nao ni mtihani. Mgonjwa akikuambia ana mshipa, huenda anakusudia mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, kano iliyovutika, au ngiri. Katika kijitabu chako andika neva kwa mishipa ya fahamu, kwani neno hilo limekwisha kuzoeleka, na uuache mshipa ubebe damu peke yake. Kano nayo igawanye: kano iwe ile inayoufunga msuli kwenye mfupa, na ile inayofunga mfupa kwa mfupa iite ligamenti. Najua hulipendi neno hilo, na hata mimi halinipendezi, lakini mchezaji aliyechanika ligamenti ya goti analijua kuliko anavyolijua jina la mjumbe wa mtaa wake.

Ninaloliona zito kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike barua ndefu namna hii, ni kusagika. Umeandika, kama watu wote wanavyosema, kwamba magoti ya wazee "husagika" kwa sababu "ute umekwisha." Nakuelewa, maana hicho ndicho Kiswahili cha mtaani na kila mtu atakuelewa. Lakini tazama neno lenyewe linavyomfanya mtu. Ninaye mama wa miaka 60 na kitu, muuza vitumbua, ambaye aliacha kutembea karibu mwaka mzima. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mwanangu, kama yanasagika, nikitembea si nitayamaliza?" Alikuwa amejichorea jiwe la kusagia ndani ya goti lake, na kila hatua kwake ilikuwa ni unga unaomwagika. Mapaja yake yalikuwa yamenywea, na kadiri yalivyonywea ndivyo goti lilivyozidi kubeba uzito peke yake na kumuuma.

Hali yenyewe haiko hivyo. Kilicholika ni gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa. Gegedu halina mishipa ya damu; hupata chakula chake kutoka kwenye ute wa kiungo, nao huingia na kutoka jinsi goti linavyokandamizwa na kuachiwa, mfano wa sifongo. Asiyetembea analinyima gegedu chakula. Tena goti lililovimba mara nyingi lina ute mwingi kupita kiasi, wala si kwamba umekwisha. Kwa hiyo andika gegedu limelika, au limechakaa, na palepale ueleze kwamba mwendo na mazoezi ya misuli ya paja hulisaidia goti. Yule mama sasa huinuka kitini mara kumi asubuhi na mara kumi jioni bila kushika kitu, na ameanza tena kwenda sokoni mwenyewe, ingawa hunilaumu kila tukionana.

Pingili zako nimezipenda, usiziguse. Waliotuachia neno hilo walimtazama mtu mgongoni wakauona muwa, nami sijaona jina linaloeleza uti wa mgongo vizuri zaidi: saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, kisha zile zilizoungana chini mpaka kwenye kifandugu. Sahihisha mahali pamoja tu, ulipoandika "pingili kutoka." Pingili haikutoka popote. Ni diski iliyo kati ya pingili mbili ndiyo iliyojitokeza ikagusa neva, na anayeambiwa pingili yake imetoka huogopa hata kuinama kufunga viatu.

Kuhusu ule uchungu wako kwamba Kilatini kina heshima na lugha yetu haina, hebu nikuonyeshe kitu. Keti, nyoosha mguu mbele, legeza paja, kisha usukume kwa kidole gumba ule mfupa wa mbele ya goti. Unateleza huku na huku. Warumi waliuona wakauita kisahani. Wazee wetu waliuona wakauita pia, ile inayochezwa na watoto, na kwa jinsi ulivyo mviringo juu na kuchongoka chini, naona wazee wetu walitazama vizuri zaidi. Sahani sisi tuliipeleka begani, tukasema kombe la bega. Msuli mnene wa nyuma ya muundi Wagiriki waliuita tumbo la mguu, sisi tukauita shavu. Na msuli kwa Kilatini ni panya mdogo, kwa jinsi unavyofurukuta chini ya ngozi! Heshima unayoizungumzia ni ya kutoelewa tu.

Bado sijagusia ukurasa wa tisa, wa bega, ambako umetumia kuteguka kwa kiungo kilichochomoka na pia kwa kiungo kilichoshtuka tu. Sisi husema kuteguka kwa yote mawili, kama mtego uliofyatuka, lakini cha kwanza hurudishwa na daktari na cha pili hupumzishwa, hivyo tafuta njia ya kuvitenganisha. Mimi ningeandika kuchomoka na kushtuka, ila sijui watu wa huko uliko wanasemaje. Waulize akina mama wa sokoni kabla hujaniandikia, na unitumie michoro ya mkono kwa ukubwa wa kusomeka, maana uliyoituma safari hii niliisoma kwa kuikunjia macho.

Wasalimie watoto, na umwambie Baba Idi goti lake nalisubiri.

Rafiki yako,
Mwanahamisi