Shukrani kwa mama wa masjala

Nilishikwa na kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, nikiwa na miaka 14. Nilimeza dawa karibu miaka 2, shule ikasimama. Mwaka huu nimepata nafasi ya kusoma Uingereza. Anayetoka Kenya kwenda kukaa huko zaidi ya miezi 6 lazima apimwe kifua kikuu kwanza, na picha ya mapafu yangu bado inaonyesha makovu. Nikahitaji faili langu la zamani la hospitali, lionyeshe kuwa makovu hayo ni ya ugonjwa niliokwisha kutibiwa.

Mama huyu wa masjala, kule mafaili ya wagonjwa yanakotunzwa, hakunijua. Aliacha chakula chake cha mchana, akaingia stoo, akapekua mabunda siku 2. Alipolipata, pembeni limeliwa na mchwa, alilipangusa vumbi kwa ncha ya leso yake, akalitoa kopi kwa pesa zake. Na kwa kuwa basi langu la Nairobi lilikuwa la usiku uleule, alivuka feri hadi Likoni kuniletea mkononi. Nilimpa nauli, akaikunja, akanirudishia kiganjani. "Nenda ukasome, mwanangu." Jina hakunipa.

Makohozi yangu yalioteshwa maabara wiki 8, kuona kama bado yana vijidudu vya kifua kikuu. Hayakuota kitu. Nasafiri Septemba.

Mama, nyumbani kwetu unaombewa kila alfajiri. Nanyi mnaotunza mafaili, mgonjwa akirudi kuliulizia lake, tafadhali mtafutieni.