Usije ukasema "Atlético" ukiwa Bilbao

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na habari ya chumba imenifurahisha. Ila pale ulipoandika kuwa utakaa "mitaa miwili tu kutoka uwanja wa Atlético Bilbao", nimeona bora nikuandikie kabla hujakutana na mwenye nyumba. Jina hilo usilitamke mbele yake. Klabu inaitwa Athletic Club, basi. "Bilbao" haimo katika jina lake rasmi, na mwishoni hakuna o. Wenyeji wanaitupa hata ile c ya mwisho, wanasema "Athleti".

Jina ni la Kiingereza kwa sababu mpira uliingia Bilbao kwa meli za Waingereza. Milima ya jirani ilikuwa na chuma, meli zikija kupakia mawe ya chuma kwenda Uingereza, na mabaharia wakicheza kwenye uwanda ulio kando ya mto Nervión, mahali palipoitwa Campa de los Ingleses, yaani kiwanja cha Waingereza. Leo ukienda kulitazama jumba la makumbusho la Guggenheim utakuwa umekanyaga mitaa hiyohiyo. Vijana wa familia zenye uwezo waliopelekwa kusoma Uingereza nao wakarudi na mchezo pamoja na neno lake. Klabu inahesabu umri wake tangu 1898. Kusini mambo yalikuwa hayohayo: Recreativo de Huelva, kongwe kuliko zote Hispania, ilianza 1889 kwa Waingereza wa migodi ya Rio Tinto. Ukikuta klabu ya zamani sana Hispania, tafuta bandari au mgodi, hutakosa.

Sasa hiyo o ilitoka wapi? Mwaka 1941 serikali ya dikteta Franco ililazimisha majina ya kigeni ya klabu yageuzwe ya Kihispania. Athletic Club ikawa Atlético de Bilbao, na ikabaki hivyo mpaka 1972 iliporudishiwa jina lake. Kwa hiyo mgeni akisema "Atlético", mzee wa Bilbao anasikia jina lililobandikwa kwa amri. Hatakugombeza, atakusahihisha kwa upole, lakini atakuwa ameshakupima.

Atlético ni ya Madrid, na hiyo nayo ni mtoto wa Bilbao. Iliundwa Aprili 1903 na wanafunzi wa Kibaski, yaani wenyeji wa kanda ya Bilbao, waliokuwa wakisoma Madrid, kama tawi la klabu ya kwao. Ndiyo maana jezi zinafanana. Mwanzoni zote zilivaa bluu na nyeupe. Kama inavyosimuliwa, mwaka 1910 Juan Elorduy alitumwa kununua jezi Uingereza, za rangi zilezile za zamani akazikosa, na akiwa Southampton anangoja meli akachukua jezi 50 za mistari myekundu na meupe za timu ya pale. Nusu zikabaki Bilbao, nusu zikaenda Madrid. Madrid wakaendelea na bukta zao za bluu mpaka leo, na kwa vile vitambaa vya magodoro enzi hizo vilikuwa na mistari myekundu na meupe, mashabiki wao wanaitwa colchoneros, watu wa magodoro.

Jambo litakalokushangaza zaidi ni nani anaruhusiwa kuchezea Athletic. Sharti ni moja: awe amezaliwa katika nchi ya Wabaski, au awe amefundishwa mpira na klabu ya huko. Nchi hiyo inahesabiwa kuwa na majimbo saba: Bizkaia, Gipuzkoa, Araba na Navarra upande wa Hispania, na Lapurdi, Nafarroa Behera na Zuberoa upande wa Ufaransa. Utaratibu huu una zaidi ya miaka 100. Ligi ya Hispania ilianza 1929, na mpaka leo klabu ambazo hazijawahi kushuka daraja ni tatu tu: Real Madrid, Barcelona na hii isiyosajili nje ya kwao.

Watu hukosea hapa wakidhani ni suala la damu. Iñaki Williams alizaliwa Bilbao mwaka 1994, wazazi wake wakiwa wametoka Ghana na kuvuka Sahara kwa miguu. Mdogo wake Nico alizaliwa Pamplona mwaka 2002. Iñaki anaichezea Ghana. Nico anaichezea Hispania, na ndiye aliyefunga bao la kwanza kwenye fainali ya Euro 2024 dhidi ya Uingereza. Kipimo ni mahali ulipozaliwa au uwanja uliojifunzia, na jina la ukoo halimo. Hata hivyo usidhani mlango ulikuwa wazi siku zote. Mchezaji wa kwanza mweusi kuingia timu ya kwanza, Jonás Ramalho, ambaye baba yake ni Mwangola, alipata nafasi mwaka 2011 tu. Klabu ya miaka zaidi ya 110! Hilo nalo liseme ukiulizwa, kwa adabu.

Utaratibu huu una gharama zake, na ndipo mjadala unapokolea kwenye baa. Sheria ya kazi ya wanamichezo ya 1985 inamruhusu mchezaji kuvunja mkataba kwa kulipa fidia, kwa hiyo klabu za Hispania zinaandika kiwango hicho kwenye mkataba kabisa. Fedha zikishawekwa ofisi za ligi, klabu haina la kusema. Agosti 2018 Chelsea ililipa milioni 80 za euro, kipa Kepa akaondoka. Klabu nyingine ingeingia sokoni kesho yake. Athletic haina soko: watu wote wa majimbo hayo saba ni milioni tatu na ushee, na wauzaji wanajua una fedha na huna chaguo. Januari mwaka huohuo ilikuwa imemuuza beki Laporte kwa Manchester City kwa takriban milioni 65, ikalazimika kulipa milioni 32 kwa Iñigo Martínez wa Real Sociedad, jirani wa saa moja kwa basi. Kwa Kepa ikachukua njia nyingine, ikamrudisha Unai Simón, kijana wa kituo chake cha Lezama aliyekuwa ametolewa kwa mkopo. Leo ni kipa wa Hispania. Lakini si kila mara Lezama ina Unai Simón akisubiri, na majirani kama Real Sociedad ya San Sebastián na Osasuna ya Pamplona wana kinyongo cha haki: Athletic, kwa kuwa ndiyo tajiri wa kanda, inachota vijana wao. Ukiwa San Sebastián au Pamplona usiisifie sana falsafa hiyo.

Real Sociedad nao walikuwa na utaratibu kama huo mpaka 1989 walipomsajili John Aldridge kutoka Liverpool. Uchumi uliwashinda, na sioni aibu yake.

Kuna siku moja ya timu hizi mbili unayopaswa kuijua. Ni tarehe 5 Desemba 1976, uwanja wa zamani wa Atotxa, San Sebastián. Franco amekufa mwaka mmoja uliopita, lakini ikurriña, bendera ya Wabaski yenye uwanja mwekundu, mkingamo wa kijani na msalaba mweupe juu yake, bado ni marufuku. Bendera imeshonwa na dada wa mchezaji mmoja wa Real Sociedad na kuingizwa uwanjani kwa siri. Timu zinatoka chumbani, na mbele wako manahodha, Kortabarria wa Real Sociedad na kipa Iribar wa Athletic, kila mmoja ameshika upande wake wa kitambaa kimoja. Polisi wanatazama, hawaingii. Januari iliyofuata bendera ikaruhusiwa. Mechi yenyewe Athletic ilichapwa 5-0, na ni nadra sana Bilbao kusikia mtu akikumbuka kipigo kile kwa uchungu. Mpaka leo kwenye mechi ya watani hawa utaona jezi za bluu na nyekundu kwenye meza moja ya baa, na majukwaani wamekaa mchanganyiko. Usifikiri hali ni hiyo Hispania nzima. Sevilla na Betis hawachanganyiki hivyo.

Nikija kwenye umiliki, wewe uliyekulia kwenye mabishano ya klabu za kwetu kuhusu asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji utaelewa haraka. Miaka ya 80 klabu za Hispania zilizama kwenye madeni, marais wakitumia wasichokuwa nacho. Sheria ya michezo ya 1990 ikazilazimisha klabu za kulipwa kuwa kampuni za hisa. Zilizosamehewa ni zile ambazo hesabu zao zilikuwa safi tangu msimu wa 1985/86, na zilikuwa nne: Real Madrid, Barcelona, Athletic na Osasuna. Hizo mpaka sasa ni mali ya wanachama, wanaoitwa socios, na rais anachaguliwa kwa kura. Kura lakini isikudanganye. Kugombea urais Real Madrid lazima uwe raia wa Hispania, mwanachama kwa miaka 20, na ulete dhamana ya benki ya asilimia 15 ya bajeti ya klabu. Demokrasia ipo, ila mlango wake mwembamba.

Sheria hiyohiyo nusura iiponze Eibar, mji wa watu 27,000 hivi katikati ya njia ya kwenda San Sebastián, uliojulikana kwa viwanda vya bunduki na baiskeli. Mwaka 2014 timu yake ilipanda ligi kuu ikiwa haidaiwi hata senti, ikaambiwa mtaji wake wa hisa ni mdogo kwa kiwango cha sheria: iongeze takriban milioni 1.7 za euro au ishushwe. Yaani klabu isiyo na deni iadhibiwe kwa kanuni iliyotungwa kuzuia madeni! Wakauza hisa za euro 50 kwa watu wa nchi kadhaa, wakaweka ukomo ili tajiri mmoja asiinunue, fedha zikatimia kabla ya muda. Wakakaa ligi kuu misimu saba.

Majina mengine nitayapitia upesi. "Real" maana yake ya kifalme, ni heshima aliyoitoa mfalme. Real Madrid ilianzishwa 1902 ila iliipata 1920, ikavuliwa Hispania ilipoacha ufalme na kuwa Jamhuri, mwaka 1931, ikarudishiwa 1941. Betis ni jina la Kirumi la mto Guadalquivir, na msemo wa mashabiki wake ni "Viva el Betis manque pierda", idumu Betis hata ikifungwa. Jirani zao Sevilla unawajua, walikuja Dar Mei 2019 wakaifunga Simba 5-4. Osasuna ni neno la Kibaski: afya. Español ya Barcelona ilijiita hivyo mwaka 1900 kwa kuwa wachezaji wake walikuwa Wahispania, tofauti na Barça iliyoanzishwa mwaka uliotangulia na Mswisi, Hans Gamper. Mwaka 1995 wakaliandika jina Kikatalani, Espanyol, ingawa maana haikubadilika hata kidogo.

Utasikia pia kuwa Madrid ni ya Franco na Barça ni ya wananchi. Nusu ya kwanza ni uvivu wa kufikiri, maana Madrid ya mpira ina Rayo Vallecano pia, klabu ya mtaa wa wafanyakazi ambayo geti lake mojawapo lina jina la Wilfred Agbonavbare, kipa Mnaijeria. Nusu ya pili ina ukweli wake: rais wa Barça, Josep Sunyol, alipigwa risasi na askari wa Franco Agosti 1936.

Ukitaka kwenda San Mamés, uwanja wa Athletic, jua haya. Uwanja unachukua watu kama 53,000 lakini viti vingi ni vya socios kwa msimu mzima, kwa hiyo tiketi za wazi ni chache. Nunua kwenye tovuti ya klabu, mtu wa barabarani mwache. Saa na siku ya mechi hutangazwa wiki chache tu kabla, kwa matakwa ya televisheni. Ukiandaa safari ya Pamplona ukidhani mechi ni Jumamosi unaweza kukuta imehamia Jumatatu saa tatu usiku. Pita mtaa wa Licenciado Poza saa mbili kabla, ndiko wanakokusanyika. Ndani ya uwanja pombe haiuzwi, na chupa ya maji watakunyang'anya kifuniko. Beba mkate wako uliofungwa kwenye karatasi ya foili, utakula mapumziko kama kila mtu.

Wachezaji wanaitwa leones, simba, kwa sababu ya mtakatifu Mamés aliyetupiwa simba wasimguse, na kanisa lake lilikuwa jirani ya uwanja. Mtoto wa Yanga, utavumilia. Na mto utakaoutazama kila asubuhi ndio walioupandisha kombe Aprili 2024, baada ya kuifunga Mallorca kwa penalti na kumaliza miaka 40 ya ukame wa Kombe la Mfalme. Walipanda gabarra, tishari la mizigo, kama walivyofanya 1983 na 1984, na kingo zote mbili zilijaa watu.

Ukiingia uwanjani ulizia sanamu ya Pichichi, mfungaji wao aliyefariki 1922 na ambaye jina lake limekuwa tuzo ya mfungaji bora wa ligi. Nahodha wa timu inayokanyaga San Mamés mara ya kwanza huweka maua chini yake. Nipigie picha moja, lakini isiwe ya kwako umesimama mbele yake ukaiziba.

Sweta zito liko kwenye begi la chini. Bilbao mvua haina msimu.

Mama yako