Reli za vijijini Uingereza, Beeching asibebeshwe yote

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu.

Kila zikitajwa reli za matawi za vijijini kule Uingereza, yaani vinjia vidogo vinavyochepuka toka njia kuu, jina ni moja tu, Dokta Beeching, yule mkuu wa shirika la reli la serikali aliyetoa ripoti ya Machi 1963 iliyotaka stesheni zaidi ya 2,300 zifungwe na maili kama 5,000 za njia, basi watu wanamshushia lawama zote wanamaliza. Mi naona kuna makosa yake na kuna ya wenzake, tuyatenganishe.

Kwanza matawi mengi yalikua hoi tangu yanajengwa. Mwaka 1896 bunge lao lilipitisha sheria ya reli nyepesi, kilimo kilikua kimedorora wakataka mkulima afikishe maziwa na nafaka sokoni bila kampuni kumwaga hela nyingi, kwahiyo wakaruhusu ujenzi wa bei chee, stesheni za mabati, makutano ya barabara yasiyo na mageti, ila treni isizidi maili 25 kwa saa. Kanali Stephens ndo alikua bingwa wa hayo mambo, kutoka ofisi yake ya Tonbridge aliendesha vireli kibao kwa injini na mabehewa ya mitumba. Sasa treni ya mwendo huo, na mara nyingi stesheni yenyewe iko mbali na kijiji kilichopewa jina lake, basi la abiria likianza kupita mlangoni kwa watu unategemea nini?

Na malori ndo yalimaliza kabisa. Baada ya vita ya 1914-18 ya jeshi yaliuzwa, wanajeshi waliorudi wakayanunua wakaingia kwenye biashara ya kubeba mizigo. Reli kisheria ilikua lazima ipokee mzigo wowote unaoletwa na bei zake ziwe wazi kwa kila mtu, kwahiyo mwenye lori anachungulia bei ya reli, anashusha kidogo, anachukua mzigo wenye faida na ule wa hasara anawaachia wao. Reli ya Lynton na Barnstaple kule Devon ilifungwa 1935, reli ya Kent na East Sussex ya Kanali mwenyewe ikaacha kubeba abiria 1954, tawi la Princetown, Devon hukohuko, 1956. Beeching hakuwepo hapo.

Kosa lake hasa ni hesabu. Abiria walihesabiwa wiki moja ya Aprili 1961, sasa niambieni nani Uingereza anaenda kuogelea baharini mwezi wa nne? Matawi ya pwani yalikua yanajaa Julai na Agosti. Alafu ikadhaniwa ukifunga tawi abiria atapanda basi mpaka stesheni kubwa aendelee na safari yake, wapi bwana, wengi walinunua gari wakahama reli moja kwa moja, njia kuu nazo zikapoteza. Tawi la Lyme Regis, mji wa pwani, ambako kona zilikua kali mpaka injini za miaka ya 1880 ndo ziliziweza hadi 1961, ikafungwa 1965. Looe kule Cornwall ilipona kwasababu Barbara Castle alipokua waziri wa uchukuzi 1966 alikataa, barabara za kule ni vichochoro. Waziri aliyemleta Beeching, Ernest Marples, alikua ameanzisha kampuni ya kujenga barabara, hilo nawaachia wasomaji.

Ila kinachoniuma mimi ni kung'oa reli na kuuza ardhi, hapo sitetei mtu. Angalieni mji wa Okehampton kule Devon, treni za kila siku zilikoma 1972 lakini reli zilibaki chini maana machimbo ya mawe ya Meldon yalikua bado yanazitumia, ndo maana Novemba 2021 abiria wakarudi kwa pauni milioni 40 na kidogo. Kwa mradi wa reli hizo ni hela ndogo.

Sasa linganisheni na njia ya Oxford mpaka Cambridge, sehemu kubwa ilifungwa mwisho wa 1967. Upande wa Cambridge wakauza, pengine zikajengwa nyumba, na kipande kimoja wanasayansi wakaweka madishi ya kusikiliza nyota juu ya njia ileile ya treni. Leo serikali inataka treni irudi Cambridge na imebidi ichorwe njia mpya kabisa toka Bedford. Na hiyo njia ya zamani, jamani, haikuwemo hata kwenye orodha ya Beeching.

Msomaji wenu