Mdogo wangu anataka kunipa figo, nami nahofia ana ugonjwa wangu

Anti, shikamoo.

Nina miaka 34, naishi Dar es Salaam, nimeolewa na nina watoto wawili. Ninaumwa lupasi tangu nilipojifungua mtoto wa pili. Kwa wasioijua, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe na kuushambulia, na wengi wanaoupata ni wanawake wa umri wa kuzaa. Kwangu ulianzia kwenye viungo. Vidole vilikuwa vinakakamaa asubuhi hata kufungua chupa ya maji nashindwa. Ukafuata upele mashavuni, uliochachamaa kila nikipigwa na jua, na mwisho ugonjwa ukaingia kwenye figo. Mtaani walishasema yote: ngoma, kulogwa, krimu za kujichubua. Madaktari walipokata kipande kidogo cha figo wakakipima, sehemu kubwa ilishakuwa makovu.

Sasa nasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne. Sitakuchosha kwa hayo. Wanaosafishwa wanayajua, na wasiosafishwa nawaombea wasiyajue.

Tangu Muhimbili waanze kupandikiza figo mwaka 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka uliofuata, si lazima tena mgonjwa auze kiwanja aende India. Ila figo inatolewa na ndugu aliye hai, na ndugu zangu mimi wanahesabika. Baba alishatangulia. Mama ana sukari. Kaka yangu alijitokeza wa kwanza kabisa, lakini damu yake ni A na yangu ni O, na mwenye O anapokea kwa mwenye O tu. Akabaki mdogo wangu wa kike, tumwite Mwana. Ana miaka 26, damu yake ni O, na posa yake imeshaletwa.

Mwanzoni mama alikuwa anaogopa kwamba lupasi itaila na hiyo figo mpya. Na mimi niliogopa. Daktari akatuelewesha kwamba ugonjwa ukishatulia walau miezi sita, mgonjwa wa lupasi anapandikizwa kama wagonjwa wengine, na wanaorudiwa hadi figo mpya ikaharibika ni wachache, kwa kuwa dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo zinaibana na lupasi pia. Wangu umelala zaidi ya mwaka sasa. Wamenipima hata zile kingamwili zinazogandisha damu, maana mwenye nazo anaweza kupandikizwa vizuri kisha mishipa ya figo mpya ikaziba. Sina. Walikuwa na wasiwasi pia kwamba, kwa vile nimezaa na nimewahi kuongezewa damu, mwili wangu utakuwa umeshajizoeza kukataa cha mtu mwingine. Lakini damu yangu na ya Mwana zilipokutanishwa maabara hazikugombana. Mama alipiga vigelegele kwenye simu.

Sasa sikiliza, Anti. Mwana amehamia kwangu kunisaidia watoto, na tangu aje nimekuwa nikimtazama. Asubuhi anashika kikombe cha chai kwa viganja, vidole havikunjiki. Ana vidonda mdomoni, vinapona vinarudi. Nywele zinamkatika mbele, yeye anasema ni misuko. Tuliwapeleka watoto baharini Kigamboni, na baada ya siku mbili mashavu yake yalikuwa yamebadilika rangi, pale pale yalipobadilikia yangu. Nilimuuliza, akacheka, akasema ni uchovu wa saluni, kusimama kutwa. Nikamuuliza tena usiku watoto wakiwa wamelala. Safari hiyo hakucheka.

"Dada, kama kipo kitu ni kidogo. Ukishapata figo nitakwenda kupima. Lakini ukifungua mdomo kwa daktari sitakusamehe, na mama naye hatakusamehe."

Basi nikajua kwamba anajua. Huyu ndiye aliyenisindikiza kliniki miaka yote, dalili anazijua kuliko baadhi ya wauguzi. Kwenye fomu ya mtoaji aliulizwa kuhusu maumivu ya viungo, vidonda na upele. Kote kaandika hapana.

Inawezekana nimekosea. Nimeambiwa ndugu wa mgonjwa wa lupasi yuko kwenye hatari zaidi ya watu wengine, lakini wengi wao hawaupati maisha yao yote. Mkojo wa Mwana ni safi, kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, haina tatizo, presha iko vizuri. Hata akipimwa zile kingamwili za damu wanazoanza nazo wanapotafuta lupasi na akakutwa nazo, peke yake si ushahidi, kwani hata watu wenye afya kabisa wanakutwa nazo, hasa ndugu za wagonjwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi huenda siku hizi ninaona lupasi hata kwenye chunusi.

Lakini je, kama ni kweli? Mtu mzima wa afya anaishi vizuri na figo moja, hilo tumeelezwa na ninaliamini. Figo moja na lupasi juu yake ni habari nyingine. Mimi nitakuwa nimeichukua ya kwanza, ugonjwa uje uichukue ya pili, na kile kiti changu cha kusafishiwa damu nimwachie yeye. Naye atampata nani wa kumpa? Mimi ndiye dada yake wa pekee.

Kuna siku nawaza ninyamaze tu. Nakwambia ukweli. Wanangu bado wadogo, Mwana ni mtu mzima, kaamua kwa akili yake. Mume wangu, ambaye ndiye pekee niliyemweleza, anasema kupima ni kazi ya madaktari na si yangu. Simlaumu. Ndiye anayenishika mkono kwenye ngazi nikitoka kusafishwa, ameshachoka kuona.

Njia nyingine ipo. Daktari anayemhudumia mtoaji si huyu wangu, na siku ya kwanza alitueleza kwamba mtoaji anaweza kujitoa hata dakika ya mwisho, na familia itaambiwa tu kuwa hakufaa kitaalamu. Ningeweza kumfuata huyo daktari pembeni nikamweleza niliyoyaona, Mwana akaondolewa bila kujua nani kasema. Kinachonizuia ni kwamba akiondolewa kimyakimya anaweza kurudi saluni akaendelea na vidonda vyake na misuko yake. Ugonjwa huu ukikamatwa mapema figo zinaokoka, zangu hazikuokoka kwa sababu ulichelewa kujulikana. Nikimwambia waziwazi twende wote tukaseme, namfahamu, atafunga begi arudi kwa mama, na mama ataona nimeitupa zawadi ya mtoto wake kwa kiburi.

Na ile posa. Wachumba wakisikia neno lupasi sijui watasemaje, ingawa mwanamume atakayekimbia kwa hilo, heri akimbie mapema.

Naomba unishauri, Anti, na wasomaji wenye uzoefu wasaidie, hasa walioko kwenye kusafishwa au waliowahi kutoa figo. Nimfuate daktari wake bila yeye kujua? Au nimweleze kwanza kaka, ambaye Mwana anamsikiliza kuliko mimi, tumkalishe pamoja? Na mama aambiwe lini, kabla au baada? Kikao cha mwisho cha madaktari na familia ni mwisho wa mwezi huu. Tafadhali nijibu kabla ya hapo.

Dada mtu,
Dar es Salaam